Chembe za mpakani: zinatoka nje au ndani ya sumaku ya dunia?

Swali limetoka kwa mwalimu wa fizikia wa shule moja ya upili, Eastlands, Nairobi: "Nilikuwa nafundisha kidato cha nne kuhusu uga wa sumaku wa dunia, nikawaambia ni ngao inayotukinga na upepo wa jua. Mwanafunzi mmoja alikuwa amesoma kwenye simu kwamba pale pale mpakani pa hiyo ngao kuna chembe zenye nishati mara kumi, hata mara mia, kuliko za upepo wa jua wenyewe. Akaniuliza: kama ngao inazuia, hizo zimefikaje hapo? Zinatoka nje au ndani? Nami naongeza langu: sisi tulio karibu na ikweta zinatuhusu nini? Nimemwahidi jibu wiki ijayo."

Mwalimu, kijana wako yuko sahihi, na alichosoma si uzushi. Jibu la kumpa akikukuta kwenye korido ni hili: nyingi ya chembe hizo zinatoka ndani, nazo ziko njiani kutoroka. Chache zinatoka nje, nazo zilipata nishati zikiwa bado hazijaufikia mpaka. Zinazotoka moja kwa moja kwenye jua zikiwa tayari na nishati kubwa huja kwa msimu, jua linapolipuka, na siku za kawaida huzioni. Sasa tulifafanue, kwa sababu jibu la korido halitamtosha mwanafunzi wa namna hiyo.

Upepo wa jua ni protoni na elektroni zinazotiririka kwa kilomita 400 hivi kwa sekunde, na siku za vurugu hufika 800. Ni hafifu mno: hapa jirani na dunia, sentimita moja ya ujazo ina chembe tano hivi. Protoni inayokwenda kwa mwendo huo wa kilomita 400 ina nishati ya takriban kiloelektronivolti moja, kwa kifupi keV 1. Upepo huo ukikaribia upande wetu wa mchana, kwenye kilomita 90,000 hivi kutoka kitovu cha dunia, hupiga breki ghafla na kufanya wimbi la mshtuko. Baada ya wimbi kuna ukanda mpana wa plazma (gesi ya chembe zenye chaji) iliyovurugika na kupata joto. Kisha, kwenye kilomita 64,000 hivi, ndipo ulipo mpaka wenyewe, mahali ambapo msukumo wa upepo na msukumo wa uga wa sumaku wa dunia vinalingana. Kila kilicho ndani ya mpaka huo tunakiita magnetosfia. Wanafizikia Sydney Chapman na Vincent Ferraro walikisia kuwepo kwa shimo la namna hiyo ndani ya mkondo wa jua tangu mapema miaka ya 1930, setilaiti zikaja kulithibitisha miaka thelathini baadaye.

Upande wa usiku mambo ni mengine kabisa. Huko uga umevutwa ukawa mkia mrefu unaopita hata njia ya mwezi, na mpaka wake ni legevu.

Neno "ngao" ndilo linalotuponza. Mimi husema afadhali tuifikirie Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Upande wa jiji kuna ua. Upande wa kusini, ukivuka mto Mbagathi kuelekea Kitengela, hakuna. Ukimwona pundamilia amesimama karibu na ua wa Lang'ata, hutauliza aliurukaje. Amezaliwa humo, au ameingia kwa nyuma akatembea hadi hapo. Chembe nyingi za nishati kubwa unazokuta mpakani upande wa mchana zimefika hivyo hivyo: ziliingia kupitia mkiani, au zilipanda kutoka kwenye angahewa yetu wenyewe, zikapewa nishati njiani, kisha zikazunguka hadi mbele.

Nishati hiyo hupatikana vipi? Mkiani uga ni dhaifu, nanotesla 10 hadi 20 (nanotesla ni sehemu ya bilioni ya tesla, kipimo cha uga). Mistari ya sumaku iliyonyooshwa kupita kiasi hukatika na kuungana upya, kisha hujivuta kwa nguvu kurudi kuelekea dunia ikizibeba chembe. Zinaposukumwa kwenye uga wenye nguvu zaidi, tuseme nanotesla 100, nishati ya mzunguko wao hukua kwa uwiano ule ule wa uga. Chembe iliyoondoka na keV 10 inaweza kufika na 50, hata 100. Haijapigwa na kitu chochote. Imesukumwa tu mahali ambapo uga ni mzito.

Sasa tuje mahali ambapo ningependa ukae na darasa lako kwa kipindi kizima, maana hesabu yake wanaiweza. Chembe yenye chaji ikiwa ndani ya uga wa sumaku huzunguka kwenye duara, na nusu kipenyo cha duara hilo ni tungamo mara mwendo, gawanya kwa chaji mara uga. Chukua protoni ya keV 50. Mwendo wake ni kilomita 3,100 hivi kwa sekunde. Uga ulio ndani kidogo ya mpaka ni nanotesla 50 hivi (uso wa dunia hapa Nairobi una kiasi cha 33,000, kwa hiyo tunazungumzia uga dhaifu mara mia sita na zaidi). Fanya hesabu: nusu kipenyo ni kama kilomita 650. Protoni hiyo inamaliza duara moja kwa sekunde moja na ushei.

Mpaka una unene gani? Mara nyingi ni kilomita mia kadhaa, pengine hufika elfu. Maana yake ni kwamba duara la protoni hii linatosha kuupita mpaka wote. Protoni ya upepo wa jua, yenye keV 1, duara lake ni la kilomita mia moja hivi, hivyo kwayo mpaka ni kitu kinene chenye kina. Ile ya keV 50 ikikaribia, nusu ya mzunguko wake iko ndani na nusu nyingine iko nje. Mistari ya sumaku ikiwa imeelekea upande mwingine huko nje, haina sababu ya kurudi. Imetoka. Elektroni ya keV 50, kwa upande wake, ina duara la kilomita 15 tu, kwa hiyo haiponyoki kirahisi hivyo na huhitaji mlango mwingine ambao nitaueleza. Ndiyo maana swali la kama mpaka huu unazuia au hauzuii halina jibu moja: inategemea anayeuliza ni chembe gani.

Kuna ujanja mzuri uliotokana na hili. Mpaka haukai mahali pamoja. Hupumua ndani na nje kwa kilomita makumi kwa sekunde kadiri upepo unavyobadilika. Setilaiti moja ikiona uga umebadilika ghafla haiwezi kujua ni yenyewe iliyovuka au ni mpaka uliopita juu yake. Lakini kama ina kipimo cha ioni (atomi zilizopoteza elektroni, protoni zikiwemo) zenye nishati, inaweza kuunusa mpaka kabla haujafika. Ioni ambazo kitovu cha duara lao kiko upande wa ndani huonekana zimejaa, na zile ambazo kitovu chao kingeangukia nje hazipo, zilishatoroka. Ukilinganisha pande hizo mbili kwa nishati tofauti, unapata mwelekeo wa mpaka na umbali wake. Setilaiti za ISEE 1 na 2, zilizorushwa mwaka 1977, zilitumia njia hiyo, na kwangu mimi ni moja ya vipimo vya akili zaidi katika fani hii yote: hukutumia chombo kipya, umetumia kutokuwepo kwa kitu.

Kuhusu zinavyofika mbele: mbali na kuzunguka kwenye duara, chembe hizi hutambaa pole pole kuizunguka dunia nzima, ioni kuelekea magharibi na elektroni kuelekea mashariki. Kwa chembe za keV 50 safari hiyo huchukua saa chache. Ioni zilizoingizwa upande wa usiku wa manane hupitia upande wa machweo kwenda mchana. Elektroni hupitia upande wa mapambazuko. Na kwa sababu uga wa upande wa mchana umebanwa na upepo wa jua, chembe inayofuata nguvu ile ile ya uga hulazimika kupita mbali zaidi na dunia ikifika huko. Nyingine hujikuta njia yao inaugonga mpaka. Hazitamaliza mzunguko.

Sasa fikiria siku ya dhoruba ya sumaku, jua linapotuletea vurugu. Upepo unakaza, mpaka unasukumwa kutoka kilomita 64,000 hadi karibu 40,000, na njia zilizokuwa salama jana zinaishia nje ya mpaka leo. Kwa miaka mingi watu walishangaa kuona ukanda wa nje wa Van Allen, pete ya chembe zilizonaswa na uga wa dunia, uliojaa elektroni za mamilioni ya elektronivolti, ukipoteza wakazi wake kwa saa chache. Dhana iliyopendwa ilikuwa kwamba zinamwagika kwenye angahewa. Mwaka 2012 Drew Turner na wenzake walichapisha uchambuzi wa dhoruba ya Januari 2011, wakitumia setilaiti za THEMIS pamoja na nyingine zilizokuwa sehemu tofauti wakati huo huo, wakaonyesha kwamba elektroni zilikuwa zimepotea kuelekea nje, kupitia mpaka. Kwa hiyo akikuuliza chembe za mpakani zinatoka wapi, siku kama hiyo unaweza kumjibu bila kusita kwamba ni ukanda wa Van Allen unaovuja.

Tunajuaje kwamba hatujidanganyi? Hapa jibu liko kwenye chaji. Oksijeni iliyotoka kwenye taji la jua, yaani angahewa yake ya nje, penye joto la zaidi ya nyuzi milioni moja, imepokonywa elektroni sita au saba kati ya nane ilizonazo. Oksijeni iliyotoka kwenye ionosfia yetu, tabaka la juu la angahewa lenye chembe zenye chaji, imepoteza moja tu, iliyong'olewa na miale ya urujuanimno. Zikishapata nishati zote hufanana kwa mwendo, lakini chaji haibadiliki kirahisi. Ukiwa na kipimo kinachotofautisha tungamo na chaji kwa pamoja, utamjua mgeni na mwenyeji.

Mwaka 1984 Marekani, Ujerumani Magharibi na Uingereza zilirusha setilaiti tatu za mradi wa AMPTE kwa ajili hiyo hiyo. Ile ya Marekani ilikaa ndani ikipima. Ile ya Ujerumani ilikwenda nje kabisa, mbele ya wimbi la mshtuko, ikamwaga lithiamu ndani ya upepo wa jua, kitu ambacho kwa kawaida hakipo huko, ili wenzao wa ndani waone kiasi gani kitapenya. Wa ndani walisubiri, wakapima, na hawakupata dalili ya wazi ya lithiamu hiyo. Upenyaji wa moja kwa moja kutoka mbele ulikuwa mdogo kuliko vipimo vilivyoweza kuona. Chombo cha Marekani, wakati wa dhoruba kubwa ya Februari 1986, kilikuta oksijeni ya dunia yenyewe, ile iliyopoteza elektroni moja, ikibeba sehemu kubwa ya nishati ya mkondo wa umeme unaoizunguka dunia. Kijana wako atafurahi kusikia hivyo: baadhi ya chembe kali zinazovuka mpaka kwenda nje zilianza kama hewa ya juu ya dunia hii.

Lakini nisikufanye uamini kwamba mpaka ni njia ya upande mmoja. Kwenye tabaka la mpakani, hasa pembeni mwa magnetosfia, vyombo vinakuta mchanganyiko: plazma baridi na nzito ya nje ikiwa pamoja na chembe chache zenye joto kali za ndani, mahali pamoja, kwa wakati mmoja. Mwanafizikia James Dungey alieleza mwaka 1961 jinsi hilo linavyowezekana. Uga unaokuja na upepo wa jua ukielekea kusini, kinyume na wa dunia upande wa mchana, mistari hukatika na kuungana upya, na ghafla mstari mmoja una mguu mmoja duniani na mwingine angani. Huo ndio mlango wa elektroni niliouahidi. Elektroni ya keV 50 huenda zaidi ya kilomita 120,000 kwa sekunde; mstari wake ukifunguka, imeshaondoka kabla hujamaliza kusema neno. Watafiti wanautumia upesi huo kama kipimo: tabaka likiwa na elektroni kali zinazotulia humo, mistari yake bado imefungwa, zikitoweka, imefunguka. Setilaiti nne za MMS, zilizorushwa Machi 2015 na kusogezwa hadi kilomita 7 hivi kati yao, zimepita katikati kabisa ya mahali mistari inapokatikia. Njia nyingine ni mawimbi yanayojikunja pembeni mwa mpaka upepo unapoteleza juu yake. Setilaiti za Cluster ziliyaonyesha yakiwa yamejiviringisha kabisa, katika matokeo ya mwaka 2004.

Na zile chache za kutoka nje? Chanzo chake kikubwa ni wimbi la mshtuko. Baadhi ya ioni hurushwa nyuma na wimbi, hugongana na misukosuko ya uga iliyo mbele, hurudi, hurushwa tena, na kila safari huongeza kidogo, hadi keV 100 na zaidi. Baadhi huteleza kupita ukanda uliovurugika na kuja kuegemea mpaka kwa nje. Karibu na ncha za dunia, ambako uga una mianya kama faneli, ubishi umekuwa mrefu zaidi: setilaiti ya Polar, iliyorushwa 1996, ilikuta ioni kali humo, na kambi moja ikasema zimetengenezwa palepale na misukosuko, nyingine ikasema ni za wimbi la mshtuko zilizosafiri. Maoni yangu ni kwamba wote wawili walikuwa na haki kwa siku tofauti. Aliyetaka chanzo kimoja kwa siku zote ndiye aliyekosea.

Upande wa usiku nitaupita haraka, ingawa una tabaka lake la mpakani lenye miali ya ioni inayokimbia sambamba na mistari ya sumaku. Huko ndiko kunakoanzia mengi ya mambo ya mwanga wa ncha, ule unaong'aa angani usiku karibu na ncha za dunia, na huo ni mjadala mwingine.

Sasa Nairobi. Mistari ya sumaku inayotoka kwenye udongo wa hapa hupanda kilomita mia chache tu kabla ya kushuka upande wa pili. Mistari ya mpakani ina miguu yake huko juu karibu na ncha. Protoni ya keV 50 haina njia ya kushuka mtaani Buruburu. Ili chembe ya kutoka angani ipenye wima hadi hapa, inahitaji nishati ya zaidi ya bilioni kumi za elektronivolti, na hizo ni za miale ya kosmiki, si za mpakani. Wakati wa dhoruba kubwa ya Mei 2024 watu wa nchi za mbali na ikweta walipiga picha anga jekundu, sisi tukalala.

Kinachotugusa kiko juu ya vichwa vyetu, kwa maana halisi. Setilaiti za mawasiliano na televisheni zimening'inia kilomita 35,786 juu ya ikweta, ndani ya mpaka lakini si mbali nao. Katika dhoruba kali, ile iliyo upande wa mchana inaweza kujikuta nje kabisa ya magnetosfia kwa dakika au saa kadhaa. Upande wa usiku, elektroni zinazoingizwa kutoka mkiani hurundika chaji kwenye vyombo, na chaji hiyo ikitoka kwa cheche, saketi huungua au huchanganyikiwa. Aprili 2010 setilaiti ya Galaxy 15 iliacha kusikiliza amri kutoka ardhini baada ya msukosuko wa namna hiyo, ikaelea ikitangaza hivyo hivyo hadi Desemba. Lakini uwe mkali kwa wanafunzi: picha ya televisheni ikiganda mvua ikinyesha, mkosaji ni mvua. Nimechoka kusikia jua likisingiziwa.

Kuna jambo moja zaidi la kuwaambia. Wakenya wengi waliosoma historia ya anga wanajua kwamba Desemba 12, 1970 setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, kupima miale ya eksirei. Wachache wanajua kwamba jukwaa hilo hilo lilirusha Explorer 45 mnamo Novemba 15, 1971, na kazi yake ilikuwa hasa chembe hizi: mkondo unaoizunguka dunia na jinsi chembe zinavyoingizwa wakati wa dhoruba. Kurushia ikweta kuliifanya ibaki kwenye ubapa ambamo chembe hutambaa, ikipanda hadi karibu kilomita 27,000. Iliona kwamba wakati wa dhoruba ioni zinazopenya ndani zaidi si zile zenye nishati kubwa kabisa wala ndogo kabisa. Ni za katikati, makumi ya chini ya keV, kwa sababu kwao uga wa umeme unaosukuma na uga wa sumaku unaopotosha njia hukaribia kulingana. Kwenye grafu umbo lake lilitokeza mbele kama pua, na "pua" ndilo jina lililobaki.

Ukimaliza hesabu ya protoni ubaoni, wape oksijeni ya ionosfia waifanye nyumbani: nishati ile ile ya keV 50, uga ule ule wa nanotesla 50, chaji moja, tungamo mara 16 ya protoni. Watakaoandika mara 16 ya kilomita 650 wamesahau kwamba mwendo nao umepungua. Jibu ni 2,600 hivi.